Kinachogonga Upande wa Kushoto

Njoro,
12 Januari 2025

Mjomba wangu Jamleck,

Habari za Longonot? Natumaini vumbi la Januari halijakumaliza kifua, na kwamba yule ng'ombe wako mkorofi amezaa salama. Sisi huku tuko wazima. Natasha amefungua shule, sasa yuko Grade Six, na miguu imerefuka hata sketi ya mwaka jana inachekesha. Shosho yake, mama mkwe wangu, bado anakaa nasi tangu tulipomzika mwanawe Kihara mwezi wa kumi. Anasema ataondoka moyo ukitulia. Sijui anangoja moyo wa nani utulie, wake au wangu.

Krismasi nilikupigia simu hadi nikachoka, haikuingia. Nikakumbuka wewe na simu hamjawahi kupendana. Basi nimechukua kalamu, kama zile siku ulizokuwa ukiniandikia kutoka Malaba ukiwa kwenye foleni na lori.

Mjomba, ni juu ya Probox ya Kihara. Tangu Novemba nimeendelea na kazi yake. Asubuhi napanda barabara ya Mau Narok, nakusanya maziwa kwa wakulima, nateremka nayo hadi hoteli za hapa Njoro. Kazi yenyewe naiweza, na wakulima wamenizoea. Lakini gari limeanza kugonga.

Si kelele ya gari kuukuu, hiyo naijua. Hii inatoka chini ya kiti cha kushoto, kile cha abiria, na unajua nani alikuwa akikaa pale Jumapili nikiendesha mimi. Inagonga mara moja: ko. Halafu kimya. Halafu ko-ko. Kisha inapotea siku mbili, tatu, hadi nadhani niliota. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi yenye ukungu, pale penye miti, nikiwa peke yangu na mitungi. Nilisimama katikati ya barabara, nikashindwa kugeuza shingo kukitazama kile kiti. Nilikaa hivyo hadi lori la viazi likaja nyuma likinipigia honi.

Alhamisi mama mkwe alikuwa ndani ya gari ikagonga. Alishika mdomo, halafu akasema jina moja tu: "Kihara." Mjomba, Kihara alikuwa na ufunguo wa nyumba lakini hakuwahi kuutumia sisi tukiwa ndani. Aligonga mlango wake mwenyewe ili asitushtue. Mara moja, akingoja, halafu mara mbili.

Naogopa. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Wewe ulikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na ni wewe uliyenifunza usukani. Njoo uisikilize.

Mpwa wako,
Tabby Wangare


Longonot,
27 Januari 2025

Mpwa wangu Tabby,

Barua yako nimeipata, imekaa kidogo pale kwa duka la vifurushi. Mimi sijambo. Ng'ombe alizaa ndume, kwa hivyo sina la kujivunia. Msalimie Natasha, umwambie aache kurefuka mpaka nimwone. Na mama mkwe wako msalimie kwa heshima, hata kama anakaa sana.

Pole kwa hofu. Sikucheki. Mtu aliye peke yake kwenye ukungu ana haki ya kuogopa. Lakini gari ni chuma, mama, na chuma hugonga chuma. Kihara nilimjua kuwa mtu wa adabu, hawezi kumtisha mke wake barabarani akiwa amebeba maziwa ya watu. Na usisimame tena katikati ya barabara. Lori la viazi halina mzimu lakini lina mzigo mkubwa na breki za kuombewa.

Kuja siwezi kwa sasa, goti limenikamata. Wala usinirekodie sauti kwenye simu, kurekodi huharibu. Niandikie. Niandikie kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kusikia gari maishani mwake.

Nataka kujua inagonga ukipanda au ukiteremka, kona ya kulia au ya kushoto, mitungi ikiwa imejaa au mitupu, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Na kuna jambo moja ufanye. Mpe mtu mwingine usukani kwenye mteremko, wewe ukae kiti cha kushoto. Weka kiganja kwenye dashibodi, halafu mlangoni, halafu vua kiatu uweke unyayo sakafuni. Sikio hudanganywa, sauti hutoka hapa ikasikika kule. Kiganja na unyayo havidanganyiki. Siku hizi mimi kila kitu nakitafuta kwa kiganja.

Najua kukaa pale hakutakuwa rahisi. Kaa hivyo hivyo.

Mjomba wako,
J. Thuo


Njoro,
16 Februari 2025

Mjomba wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natasha anakohoa kidogo lakini anakula. Mama mkwe ameanza kupanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, kwa hivyo haondoki karibuni. Pole na goti. Nimekutumia dawa ya kuchua kwa hawa watu wa vifurushi, ujipake jioni.

Nimefanya ulivyosema. Kwanza nilipeleka gari kwa fundi hapa stendi. Akalizungusha mjini, akarudi akicheka: "Mathe, hii gari iko fiti kabisa. Ni hizo mitungi zako zinapiga kelele." Nikaifunga mitungi kwa blanketi. Ikagonga. Nikaenda kwa mwingine, akabadilisha shock za mbele, zile za kupunguza mrusho, akaniambia, "Sasa enda na amani." Siku ya tatu ikagonga. Wote wawili waliliendesha kwenye tambarare likiwa tupu, na likiwa hivyo halisemi neno.

Kisha nikamwomba jirani yetu Lewis aendeshe, nami nikakaa kushoto. Sijakaa kiti kile tangu Kihara afariki. Tuliteremka na mzigo kamili. Kiganja kwenye dashibodi, hakuna. Mlangoni, kidogo. Nikavua kiatu. Tulipokata kona ya kulia ikagonga chini ya unyayo wangu kabisa, nikaisikia ikipanda hadi kwenye goti. Mjomba, nilipiga kelele. Lewis akaanza kunicheka, ikagonga tena, akaacha kucheka.

Kwa hivyo majibu yako ni haya: kuteremka tu, kona za kulia tu, na mzigo. Na juu ya mvua, Jumatatu iliyopita ilinyesha mvua kubwa ambayo hakuna aliyeitarajia. Siku hiyo na ya pili yake haikugonga hata mara moja. Nilipomwambia mama mkwe, alisema ndivyo, tulimzika mvua ikinyesha, mvua inampa usingizi. Nilicheka mbele yake. Halafu nikaenda nikakaa ndani ya gari peke yangu, mlango nimefunga.

Kuna kitu nitakiandika kwako tu. Mara nyingine ikigonga naitikia. Nasema, "Nani?" Sauti yangu mwenyewe inaniogopesha kuliko ile ya chini. Usimwambie mtu.

Akina mama wa kanisa wanataka kuja kuliombea gari. Sijawajibu. Wewe hujaniambia kwa nini huji. Kutoka huko hadi hapa si safari ya kwenda Kampala, na goti halikukuzuia kupanda lori miaka yote ile. Nimekukosea?

Tabby


Longonot,
3 Machi 2025

Mpwa wangu Tabby,

Nashukuru Mungu tumeiona Machi. Huku kumekauka hata punda wanatuangalia vibaya. Ndama amejifunza kufungua lango kwa pua. Dawa ya kuchua nimeipata, asante. Hujanikosea lolote. Nimesema ni goti, basi ni goti, tusirudi hapo.

Umeiandika ile sauti vizuri kuliko mafundi wako wawili walivyoitazama. Nilipofika pale pa mvua niliweka barua chini nikatoka nje kidogo. Kitu kinachonyamazishwa na maji ni kitu kilichokauka. Kuna mahali chini ya gari lako, mbele kushoto, pamekauka na hapatakiwi kukauka.

Sasa fanya hivi, na usibishane nami. Peleka gari Nakuru kwa Khaemba, tulifanya kazi pamoja gereji moja miaka mingi. Mwambie ni mimi nimekutuma. Asilizungushe mjini akakuambia liko sawa. Apige jeki mbele kushoto, aingie chini, alinyanyue gurudumu kwa nondo, mkono wake mmoja ukiwa pale viungo vinaposhikana. Atajua. Uende wiki hii hii, bila mzigo, polepole. Na kabla hajalitazama usiteremke na maziwa kutoka Mau Narok. Wakulima wampe mtu mwingine siku mbili tatu, hawatakufa.

Ninachodhani ni nini sitakiandika. Sipendi kumtibu mgonjwa nisiyemwona. Usiogope bure, nenda tu.

Juu ya kuitikia, sina la kukugombeza. Shangazi yako alipofariki niliendelea kupika chai ya watu wawili hadi sufuria ikatoboka. Akina mama wa kanisa waache waombe, maombi hayajawahi kuharibu gari.

Niandikie mara tu Khaemba akimaliza. Nangoja.

Mjomba wako,
J. Thuo


Njoro,
23 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Leo nakuandikia nikiwa mwepesi. Natasha amepona kikohozi. Sukuma ya mama mkwe imeota, majirani wanakuja kuomba majani. Mvua imeanza kunusanusa. Wewe je? Goti?

Mjomba, gari limenyamaza! Jumapili iliyopita baada ya ibada mchungaji alikuja na akina mama wanane hivi. Waliliombea mbele na nyuma. Wakapaka mafuta magurudumu yote manne, kidogo kidogo kwa kidole. Lakini mama mkwe alikuwa amebeba chupa nzima ya mafuta ya kupikia, yakiwa yameombewa tangu Ijumaa. Alisema upande unaogonga ndio wenye shida, kwa nini upewe sawa na mingine? Akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu la mbele kushoto, akamimina yote huko ndani hadi yakachuruzika chini. Alikuwa akilia na kusema, "Pumzika sasa, mwanangu." Nami nililia.

Tangu siku hiyo, hakuna. Kila asubuhi nateremka na mzigo kamili, nakata kona zote, kimya. Usukani umekuwa mwepesi, gari linayumba kidogo tu, nadhani ni hizi shock mpya. Kwa Khaemba sikwenda. Nilipanga kwenda, nikaahirisha, halafu haikuwa na haja tena. Usiniulize kwa nini niliahirisha.

Jumamosi tarehe tano Aprili kuna ibada ya shukrani kwa dada zetu wa kanisa la Mau Narok. Nimekubali kuwabeba mama mkwe, akina mama watatu na Natasha. Watatoa ushuhuda wa gari. Asubuhi tutapanda, mchana tutateremka. Tutakuombea na wewe, goti lipone uje.

Nitakuambia neno la mwisho halafu ninyamaze. Siku ya kwanza ya kimya nilifikiri nitafurahi. Nilifika pale penye miti nikapunguza mwendo, nikangoja. Asubuhi hiyo niliogopa kuliko siku zote za kugongewa.

Wako,
Tabby


Longonot,
5 Aprili 2025, jioni

Tabby,

Leo siwezi kuanza na salamu. Sijui kama uko hai.

Barua yako ya tarehe 23 imenifikia leo. Mwenye duka la vifurushi alifiwa, akafunga, akaenda kwao. Leo mchana nilipita pale kununua chumvi ya ng'ombe nikamkuta amefungua. Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipofika pale pa mafuta nilikaa juu ya gunia la watu. Kisha nikasoma tarehe ya safari, na ni leo.

Gurudumu lako la kushoto limeshikwa na kiungo kimoja, mafundi wanakiita ball joint. Ni mfupa mviringo ndani ya kikombe, kama nyonga yako. Kifuniko chake cha mpira kimepasuka, grisi imeisha, mfupa unasaga kikombe na kugonga. Kule kugonga kulikuwa ni gari linalia. Mafuta ya mama mkwe wako yaliingia humo yakalinyamazisha, lakini hayakurudisha chuma kilicholiwa. Kinaendelea kuliwa kimya kimya. Siku kikichomoka, gurudumu hulala ubavu na usukani haukusikii tena. Ukiwa kwenye tambarare unaingia mtaroni. Ukiwa kwenye mteremko ule na watu sita, mimi siwezi kuandika. Mwezi jana nilijua, nikanyamaza nisikutishe. Sasa ninayeogopa ni mimi.

Nilikimbia kwa Kipketer, yule kijana wa kibanda cha chai. Akapiga namba yako, akanipa simu. Nikaenda nayo nyuma ya kibanda.

Na sasa ujue. Mimi sisikii, Tabby. Si kidogo. Sisikii kitu. Sikio moja liliondoka mwaka juzi, la pili likafuata. Kwenye mazishi ya Kihara nilikuwa naangalia midomo ya watu, wakisema amina nami nasema. Simu yangu haikuharibika, iko kabatini. Goti langu ni zima. Novemba nilivuka hii barabara kubwa, lori likapita mgongoni mwangu hata kofia ikaanguka, na mimi sikulisikia. Tangu hapo sivuki. Ningekuja vipi kusikiliza gari? Niliona haya. Dereva wa miaka yote ile, anaogopa barabara.

Nyuma ya kibanda niliangalia kioo cha simu mpaka zile sekunde zikaanza kuhesabika, nikajua kuna mtu ameshika. Lakini nani? Wewe? Natasha? Nikasema: "Tabby, ni mjomba. Usiteremke. Shusha watu wote. Gurudumu la kushoto litalala." Nikasema tena. Nikasema tena. Sekunde ziliendelea, kwa hivyo nikabaki nimeiweka sikioni kama mtu anayesikiliza, nikitazama ukuta. Zilikwenda sana. Halafu zikasimama.

Kipketer akaniuliza, "Mzee, wamesemaje?"

Nikamwambia, "Wamesema sawa."

Nilimwambia hivyo, Tabby, kwa aibu tu, nikarudi nyumbani bila kujua kama umenisikia. Nilikaa nikashindwa kukaa. Nikarudi nikamwambia ukweli wote mbele ya wateja wake. Akashika kichwa: "Lakini mzee, si ungesema!" Akapiga tena na tena. Kila mara anatikisa kichwa kunionyesha haipatikani.

Jua linazama. Barua hii nitampa dereva wa vifurushi kesho asubuhi, sina njia nyingine. Magari yanapita hapa mbele na katika kila moja naangalia mdomo wa dereva, labda atasimama aniambie kitu.

Jamleck


Njoro,
6 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Tuko hai. Wote. Barua yako ya jana dereva wa vifurushi ameniletea mchana huu. Natasha ana mchubuko wa kuruka nje, basi. Nimemtuma Lewis akuletee hii kwa mkono, nimemwambia asirudi hadi akuone ukiisoma. Nilipokupigia jana usiku ile namba ya kijana ilikuwa imezimwa, na simu yangu ilikuwa imebaki garini hadi jioni, chaji imeisha.

Simu yako ilinipata nje ya kanisa la Mau Narok. Ibada ilikuwa imekwisha, akina mama wamejipanga ndani, wanaimba, na injini inanguruma. Nikaona namba nisiyoijua, nikashika. Kwanza nilisikia upepo, halafu wewe, ukipaza sauti kama unaniita kutoka ng'ambo ya bonde. Nikasema, "Mjomba! Uko wapi?" Ukaendelea tu. Nikasema, "Gurudumu gani? Nani amekuambia?" Ukaanza upya, maneno yale yale, huku nami nikiuliza juu yake. Mara ya tatu niliacha kuuliza. Nikaelewa kwa nini uliniambia niandike kama kwa mtu ambaye hajawahi kusikia gari. Niliogopa, Mjomba, kwa ajili ya gari na kwa ajili yako.

Niliwaambia washuke. Mama mkwe alikataa. Alisema, "Tabby, umesimama mbele ya kanisa unatilia shaka ushuhuda?" Akashika kiti. Nikamwambia, "Mama, nilimzika mwanao. Wewe sitakuzika." Sijawahi kumjibu hivyo. Alishuka bila kunitazama, Natasha akaruka kutoka nyuma akaanguka kwa mikono.

Gari lilikuwa limeziba barabara, kwa hivyo niliingia peke yangu nilisogeze kando. Nilikwenda mwendo wa mtu mzee anayetembea. Nikakata kulia kidogo, gurudumu la mbele likiwa kwenye shimo dogo la maji ya mvua, na gari likapiga goti. Halikugonga. Lilisema "kraa" mara moja, likainamia upande wa kushoto, na usukani ukazunguka mikononi mwangu kama haujafungwa kwa kitu. Nilishuka nikaona gurudumu limelala ubavu ndani ya tope. Pale niliposimama, barabara ya kuteremka inaanza mbele kidogo tu, na bonde linaonekana lote. Akina mama waliacha kuimba. Mama mkwe alikaa kwenye nyasi, akafunika uso kwa leso. Jioni alinipikia uji mwenyewe, akanishikia kikombe nikinywa.

Khaemba atakuja kesho na gari la kuvuta. Wewe usije. Usivuke barabara yoyote. Nitapanda gari la abiria Jumamosi nije kwako na Natasha, tutakaa siku mbili, na ukitaka kwenda dukani mmoja wetu atakushika mkono, na aibu yako tutaiacha nyumbani na ndama.

Sasa zile sekunde ulizoziona zikiendelea. Ulipomaliza mara ya tatu hukukata, nami sikukata. Nilitoka pale penye akina mama, nikasimama kwenye shamba la karoti la mtu, nikazungumza. Nilijua hunisikii, ndiyo maana niliweza. Nilikuambia kwamba sikupeleka gari kwa Khaemba kwa sababu niliogopa atalitazama akute ni chuma. Nilikuwa naogopa ile sauti, na bado kila asubuhi nilitoka nyumbani nikitumaini itagonga. Nilikuwa tayari kuteremka nayo na mtoto wa Kihara nyuma.

Sikuweza kumwambia mtu mwenye masikio. Leo naona heri uyasome haya.

Mpwa wako,
Tabby